Mswaki Kwenye Gari la Komora

Rehema mwanangu,

Niko ndani ya gari, kwenye maegesho ya hospitali hapa Saint Paul. Shifti ya usiku imeisha, na kwa kawaida saa hizi ningekuwa barabarani narudi Champlin. Leo nimeona nisifike nyumbani kabla sijakuandikia. Nikifika nitakukuta sebuleni na masanduku yako, nami nitaanza kuulizia soksi, chaja na dawa za malaria, na hivyo ndivyo ninavyokwepa mambo. Unanijua. Daftari hili nimelinunua sasa hivi kituo cha mafuta hapo ng'ambo, ndiyo maana lina picha ya paka.

Kesho wakati kama huu utakuwa uwanja wa ndege. Jana mezani uliniuliza swali mbele ya baba yako, na mimi nikainuka nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Tangu hapo hujanisemesha. Sikulaumu. Mtu mzima mzima nasugua sahani safi kwa sababu namwogopa mtoto niliyemzaa mwenyewe. Nimeona aibu usiku kucha, hata wagonjwa wameniuliza kama ninaumwa.

Baba yako ndiye aliyeanza, nakubali. Ulikuwa unatueleza jinsi timu ya kanisa itakavyofika Garsen, na jinsi vijiji vyote vya ukingoni mwa Mto Tana vilivyo ndani ya maji, naye akaweka kijiko chini.

"Rehema, kuna watu wanalala kwenye mahema pale mtaa wa Phillips. Nusu saa kutoka hapa, na baridi hii. Na wewe una-quit kazi, unapanda ndege siku nzima, kwenda kugawa unga Kenya?"

"Dad, it's not a competition. Kwa kina Bibi kote ni maji."

"Na hawa wa hapa? Hawa si watu? Umezaliwa hapa, umesoma hapa. Anza na hapa."

Ndipo ukanigeukia mimi. "Mum, say something. Wewe ndiye ulikuwa chair wa hiyo kitu yote. Ulikuwa unachangisha kila mtu. Why did you stop?"

Ukaona nilivyojibu. Nilifungua bomba.

Kwanza niseme neno moja juu ya baba yako, halafu nimwache. Ni mtu mwema na anakupenda, na hoja yake si ya kipumbavu. Lakini siku moja muulize kwa upole, mara ya mwisho kushuka kwenye gari pale Phillips ilikuwa lini. Huwa anapita vioo vimefungwa, akienda kununua nyama ya mbuzi. Watu wa Phillips anawakumbuka sana pale mtu mwingine anapotaka kuwasaidia watu wa Tana. Nasema hivi bila ukali, maana mimi mwenyewe nimewahi kuwatumia vivyo hivyo, na utaona.

Sasa nijibu swali lako. Ninalijibu leo kwa sababu keshokutwa, mkishafika Garsen, mtu atakayewapokea ni Komora. Utampa mkono, naye atakukumbatia, na utaona mkono wake wa kushoto. Una miaka ishirini na moja sasa, hutaangalia kando kama mtoto. Utajiuliza. Na yeye si mtu wa kusema uongo, ukimuuliza atakuambia. Nataka uwe umeshasikia kutoka kwangu.

Ulipokuwa na miaka tisa nilikuambia kwamba Anko Komora alikatwa vidole na mashine kazini. Si kweli. Hakuna mashine.

Komora ni wa kijijini kwetu. Mama yake na mama yangu walilima mpunga mashamba yaliyopakana, na sisi watoto tulitumwa kufukuza ndege pamoja. Alipokuja Minnesota alinikuta nimeshatangulia, kwa hiyo akaniita dada, na wewe ukamwita mjomba, na ilikuwa kweli kwa kila namna isipokuwa damu. Alikodi chumba Phillips. Jumapili alikuwa anakuja kanisani na shati lililopigwa pasi hadi mikunjo inasimama. Alikuwa anakubeba mabegani kwenye maegesho na wewe ulikuwa unamvuta masikio kama usukani.

Mwaka ule mto ulitoka kingoni. Desemba, kama hivi sasa. Watu walikimbilia mwinuko wa shule, na mama yangu alikuwa mmoja wao. Sisi wa huku tulikuwa na kundi letu la simu, watu wa Mto, na mimi nilikuwa mwenyekiti. Unakumbuka nilivyokuwa? Hapana, hukumbuki, shukuru Mungu. Nilikuwa nafanya shifti mbili na bado napata nafasi ya kumpigia kila mtu. Simu yangu ililala mkononi.

Orodha yetu unaijua jinsi inavyokwenda, kwa sababu bado wanaifanya. Mwenyekiti anaandika namba moja, jina lake na kiasi chake. Anayefuata anainakili yote, anaongeza namba mbili, anairudisha kundini. Halafu namba tatu. Kufikia usiku orodha imekuwa ndefu kama mkia wa kishada, na kila mtu anaona nani yupo, nani hayupo, na nani ametoa kidogo kuliko gari analoendesha. Jina langu lilikuwa juu kabisa. Nitakuambia ukweli, Rehema: nilipenda kuliona pale. Watu walikuwa wanakufa maji, na mimi nilikuwa nafungua simu kuangalia jina langu lilivyokaa.

Jina la Komora halikuwepo.

Jumamosi moja katikati ya yale mambo alikuja nyumbani bila kupiga simu. Mlangoni alisema, "Dada, naomba nioge kwako leo. Maji ya pale kwangu yameharibika." Nikampa taulo. Alikaa bafuni muda mrefu sana, nami nikawaza kuhusu bili ya maji, sikufichi. Alipotoka nikampakulia wali na maharagwe ya nazi. Alikula sahani tatu, polepole, kama mtu asiyetaka chakula kiishe. Nami nilifanya nini? Nilikaa mbele yake na simu. Nilimsomea orodha.

"Komora, watu wanauliza. Wewe mama yako yuko pale pale na wangu."

"Najua, dada."

"Hata kidogo. Isionekane wewe ndiye hukujali."

"Nitaleta, dada. Nipe hadi Jumatatu."

Alikaa saa mbili nzima. Ameshiba, ameoga, na haondoki. Kila nilipoinuka aliniangalia kama mtu anayengoja zamu yake ya kusema. Nikadhani anataka kuniomba nimpunguzie mchango, na nikajifanya sioni.

Sasa sikiliza hii, kwa sababu ni yako. Wewe ulikuwa umetoka nje kumsindikiza. Alikufungulia mlango wa nyuma akupe chungwa. Ukarudi ndani mbio, mashavu yamepigwa na baridi, chungwa mkononi, ukaniambia, "Mama, Anko has a toothbrush in his car. Na blanketi. Na sufuria."

Nilikuwa naandika ujumbe. Nikakuambia, "Acha kuchungulia vitu vya watu. Ni tabia mbaya."

Ukasema tena, "But Mama, a toothbrush."

Nikakukaripia mpaka ukalia. Nikakuambia watu wakubwa wana mambo yao.

Niliyasikia maneno yako. Kwa miaka hii yote nimejaribu kujiambia kwamba sikuyasikia vizuri, nilikuwa na kazi, nilikuwa nimechoka. Niliyasikia. Nilijua mtu haweki mswaki na sufuria kwenye gari kwa kusahau. Lakini ningekubali kujua, ningelazimika kumkaribisha alale kwenye kochi letu, na baba yako angenuna, na mchango wa Komora ningeufuta, na nafasi yake ingebaki wazi, na kundi lingesema mwenyekiti anawabeba watu wake. Nikachagua kutojua. Kazi ya dakika moja tu.

Jumapili baada ya ibada niliandika orodha ya pili. Ile nayo ni desturi yetu: "Tunaowasubiri." Kwa kawaida huwa na majina kama kumi hivi. Ile ilikuwa na jina moja, kwa sababu wengine wote walikuwa wameshatoa. Niliandika, "Tunamsubiri ndugu yetu Komora." Nikaweka na ile picha ya mikono inayoomba.

Jumatatu alituma. Chote nilichotaka. Nikamwandikia pembeni, mimi na yeye tu: "Asante Komora. Umetutoa aibu."

Alikuwa amepunguzwa kazi bohari alipokuwa anapakia mizigo, miezi kadhaa kabla ya hapo. Chumba cha Phillips kilikuwa kimekwenda. Alikuwa analala kwenye gari, maegesho ya nyuma ya kanisa letu, pale pale alipokuwa anakubeba mabegani. Alipiga pasi mashati yake choo cha kanisa kabla sisi hatujafika. Usiku alikuwa anawasha injini kidogo apate joto, anazima, anawasha tena. Alichonitumia Jumatatu kilikuwa cha mafuta.

Alhamisi ilishuka ile baridi ya kukata pumzi. Asubuhi dereva wa gari la kusukuma theluji aliona gari moja vioo vyake vimeganda kwa ndani. Kwa nje theluji ni kawaida. Kwa ndani maana yake kuna mtu anapumua. Alivunja kioo.

Ndiyo maana huwa nazunguka magari kwenye maegesho kabla sijaingia langu. Unanicheka, unasema, "Mum is doing her patrol." Naangalia vioo. Wakati naandika hivi vya kwangu vimeanza kuganda kwa ndani, maana nimezima injini, na vidole vimeanza kuwa vizito. Ni muda gani nimekaa? Robo saa, labda zaidi kidogo. Nimevaa glavu na nina nyumba ya kurudi.

Hospitali walinipigia mimi kwa sababu jina langu lilikuwa la mwisho kwenye simu yake. Nesi aliniuliza, "Are you family?" Nikasema ndiyo. Nilipofika akanionyesha simu, kuhakikisha ni mimi, na juu ya kioo palikuwa na maneno yangu. Umetutoa aibu. Nesi hakuweza kuyasoma. Alidhani ni maneno ya upendo, akatabasamu kwa huruma.

Komora alikuwa amefungwa mikono yote miwili. Aliponiona alisema, "Pole kwa kukusumbua, dada." Mkono wa kulia ulipona. Wa kushoto walikata vidole vitatu vilivyoganda kwa baridi.

Unakumbuka kadi? Nilikuwa nimeshakudanganya habari ya mashine, nawe ukamchorea kadi, picha ya mashine yenye meno makubwa na macho mekundu. Tulikwenda pamoja kumpelekea. Aliishika kwa bendeji zake, akaiangalia kwa muda, halafu akaniangalia mimi. Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Akakuambia, "Asante sana, mama. Mashine mbaya kweli hii." Alinifichia uongo wangu akiwa kitandani, na mimi nikamwacha anifichie.

Kundi lilitaka kumfanyia orodha. Yeye alisema neno moja, "Msiniandike." Hakueleza na hakuna aliyemuuliza. Nusu mwaka baadaye akarudi nyumbani. Mimi nilijiuzulu uenyekiti, nikasema ni kwa ajili ya shifti za usiku. Wakanishukuru kwa keki.

Hilo ndilo jibu la kwa nini niliacha. Lakini usifunge bado, maana ukiishia hapa utadhani nakuambia baba yako ana haki. Sikuambii hivyo.

Zile pesa zilifanya kazi. Zilikodi boti ya injini, ikawatoa watu pale shuleni kabla maji hayajapanda mara ya pili. Mama yangu aliingia kwenye boti ile. Mama yake Komora pia. Zilinunua turubai, unga, dawa za kuhara. Bibi yako aliishi miaka mingine tisa baada ya hapo, ukaongea naye kwenye simu, akakufundisha kuhesabu hadi ishirini na kukucheka matamshi yako. Nikikuambia michango ile ilikuwa upuuzi nitakuwa mwongo mara ya pili. Mafuta ya Komora yalikuwa kwenye ile boti. Nimejaribu kufanya hesabu hiyo ikae sawa na haikai, na nimeacha.

Halafu nikakosea upande wa pili. Baada ya Komora kuondoka nilikuwa mkali sana wa hapa kwanza. Jumamosi nilikuwa nakwenda Phillips kugawa supu, na ukweli nilikuwa nagawa vizuri. Mto ulipotoka tena, miaka mitatu baadaye, mama alinipigia. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu aliyeokoka, kwamba huku nako kuna shida, mama, watu hawaioni tu. Sikutuma kitu. Nilikuwa nacho, Rehema. Mama akauliza, "Nyinyi huko mko pakavu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi, Mungu ashukuriwe," akakata. Alivuka maji yale akibebwa mgongoni na mtoto wa jirani. Alinisamehe, kwa sababu akina mama ndivyo walivyo, lakini hakuniomba kitu tena hadi anakufa. Hata dawa ya macho aliomba kwa watu wengine. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo kuliko maneno makali.

Kwa hiyo ukiniuliza nani kwanza, wa karibu au wa mbali, mimi siwezi kukupa jibu la kuandika ukutani. Nimetumia wa mbali kumkwepa wa karibu, na nimetumia wa karibu kumkwepa wa mbali. Mara zote mbili nilikuwa na maneno mazuri. Mara zote mbili watu walinisifu.

Na wewe sijui unakwenda kwa sababu gani. Nasema hivi na naogopa utakasirika. Inawezekana unakwenda kwa ajili ya Bibi, ambaye hayupo tena. Inawezekana unamkimbia baba yako, au ile kazi ya ofisini uliyoichoka, au unataka zile picha za watu wenye fulana zinazofanana. Usinijibu. Nenda tu. Sababu ikiwa mbaya, unga bado ni unga, na mwenye njaa hataiuliza. Lakini kule nako kutakuwa na orodha. Watawapa karatasi zenye majina ya kaya, mtaweka alama, na karatasi ikijaa mtahisi mmemaliza. Wewe ulipokuwa mtoto ulikuwa na jicho. Uliona mswaki. Mimi ndiye niliyekukaripia kwa kuona, nikakufundisha kwamba ni tabia mbaya, na tangu siku ile nimekuona ukipita watu ukiangalia chini kwa adabu. Adabu ile ni yangu na naitaka unirudishie. Chungulia, mwanangu. Chungulia magari ya watu.

Sijui ukimaliza kusoma utataka nikupeleke uwanja wa ndege au la. Kama hutaki, baba yako atakupeleka, na nitaelewa. Sitasema sitalia, nitalia, lakini nitaelewa.

Miaka kumi na miwili sijawahi kumwomba Komora msamaha. Nimemtumia salamu za Krismasi. Nimemtumia picha zako za shule. Nilipopata habari kwamba yeye ndiye anayesimamia boti na stoo ya chakula kule, na kwamba timu yenu itakuwa mikononi mwake, nilipanga kukupa bahasha umpelekee, iwe na kitu ndani, na barua fupi. Yaani nikutumie wewe, mtoto, unibebee hata hilo. Bahasha iko hapa kwenye kiti. Nimeiandika jina lake mara mbili.

Kule ni jioni sasa, jua linakaribia kuzama. Ngoja nimpigie.

Nimerudi. Kalamu imekuwa ngumu kwa baridi, nimewasha injini.

Alipokea haraka. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu na injini ya boti. Alisema, "Dada! Kesho ndiyo safari, eh? Tunamngoja mtoto." Nilikuwa nimepanga maneno na yote yakapotea. Nikasema, "Komora, nataka kukuomba msamaha kwa ile orodha." Nikasikia anatembea, anatoka kwenye kelele. Hakusema "orodha gani". Namshukuru kwa hilo.

Akasema, "Dada, ile pesa ningeitoa tu. Mama alikuwa pale juu, wewe unajua. Hata usingeandika jina langu, ningeitoa."

Nikasema, "Lakini mafuta, Komora."

"Mafuta ni yangu na uamuzi ni wangu. Hilo usilibebe, si lako."

Nilidhani nimesamehewa, Rehema. Kwa nusu dakika nzima nilikaa humu ndani nikihisi mwepesi. Halafu akasema, taratibu, bila ukali wowote, "Iliyoniuma ni siku ile niliyokuja kuoga. Nilikaa kwako saa mbili. Nilikuwa nangoja swali moja tu."

Sikumuuliza swali gani. Nilijua. Nililisema mwenyewe, miaka kumi na miwili imechelewa. "Ulikuwa unalala wapi?"

"Eh," akasema. "Hilo tu. Ningekujibu."

Nililia na alinisikia nikilia, na hakunikataza. Nilimwambia habari ya mswaki, kwamba uliuona, na kwamba nilikukaripia. Akacheka kidogo, cheko la pua, akasema alilijua hilo, kwa sababu ulilia mlangoni naye alikuwa bado anawasha gari. Alikusikia. Alisema aliendesha hadi pale nyuma ya kanisa akifurahi kwamba angalau kuna mtu mmoja Minnesota aliyejua.

Nikamuuliza kama anataka nitume kitu na wewe. Akasema hapana. Nikasema chochote, Komora. Akasema mmletee betri za tochi, zile kubwa, na si kwa ajili yake, ni za boti. Nitazinunua njiani.

Nikadhani tumemaliza, nikawa naaga. Akaniambia ningoje. Alisema amepata karatasi ya timu yenu, ina majina yote, na namba za pasipoti, na nani tumbo humsumbua, na nani hali samaki. Ameisoma mara mbili. Mahema yenyewe ni machache na ardhi bado ina maji.

"Dada," akasema, "huyu mtoto atalala wapi?"

Akanijibia. Ana vyumba viwili sasa, kwenye mwinuko karibu na shule. Kimoja amekipiga chokaa wiki iliyopita. Ameweka kitanda, neti na ndoo ya maji ya kuoga. Nimemwambia utakuja. Nimesema bila kukuuliza, na hilo nalo unisamehe.

Mama yako